CG125 ya marehemu baba: shajara ya matengenezo

Jumamosi, 6 Januari 2024

Leo tumeitoa stoo. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu, na kijana mmoja wa kijiwe cha bodaboda cha hapa mtaani kwetu Mji Mpya, Morogoro. Matairi yote mawili yalikuwa yamelala na breki ya nyuma imekamata, kwa hiyo hatukuisukuma, tuliibeba. Mama alisimama mlangoni akituangalia bila kusema neno mpaka tulipoitua chini ya mwembe. Ndipo akaleta ndoo ya maji na tambara. "Ifuteni kwanza," akasema. "Baba yenu hakuwahi kuiacha ilale na vumbi."

Ni Honda CG125. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, na miaka yake mingi ya kazi ilikuwa Mgeta, huko juu kwenye milima ya Uluguru, kwenye kabichi, karoti na njegere zinazoshushwa mjini. Aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mkopo uliokatwa kwenye mshahara wake kidogo kidogo. Ndiyo iliyompandisha na kumshusha ile barabara ya makorongo, bomba la kunyunyizia dawa likiwa limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Ilisimama mwaka 2006 alipoanza kuugua. Watu wawili watatu walikuja kuiulizia, mmoja akataka kuipima kwa kilo kama chuma chakavu. Mama alikataa wote.

Chini ya siti, ndani ya mfuko wa nailoni, tumekuta daftari. Ni daftari la kawaida la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Humo baba aliandika kila alichoifanyia pikipiki: kilometa, kazi, na maelezo ya neno moja au mawili. Mistari miwili ya mwisho ni hii:

61,408. Oili mpya. Bado inakunywa.

61,530. Mlio kushoto, chini ya silinda. Si valvu, valvu nimezipima leo.

Baada ya hapo kurasa ni tupu. Nimeamua shajara ya kazi hii niiandike humo humo, kuanzia ukurasa unaofuata. Haya unayoyasoma nimeyanakili kutoka kwenye daftari hilo.

Jumapili, 7 Januari

Kabla sijagusa nati hata moja nimepiga picha, zaidi ya mia. Kebo ya klachi inapita wapi, waya wa honi umefungwa upande gani, washa ipi iko nje na ipi iko ndani. Leo unaona kila kitu kiko wazi, lakini miezi mitatu ijayo hutakumbuka.

Bolti za kava za injini hazilingani urefu. Ukirudisha ndefu mahali pa fupi, utapasua kava. Kwa hiyo nimechora umbo la kila kava kwenye kipande cha boksi, nikatoboa matundu mahali pake, na kila bolti inayotoka naichomeka kwenye tundu lake. Vingine vyote vimeingia kwenye makopo ya Blue Band, kila kopo na karatasi yake.

Kiki haishuki hata kidogo. Nimetoa plagi, nikamulika tochi: ndani ni kutu nyekundu. Yule kijana wa kijiweni alitaka kuipandia kiki kwa uzito wote, nikamwomba aache. Pistoni iliyokamatwa na kutu haitaki nguvu. Ukilazimisha utang'oa meno ya kiki au utavunja ringi, zile pete za pistoni, na kipande cha ringi kikikwaruza silinda umejiongezea kazi. Nimechanganya dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, nikamimina vijiko vinne kwenye tundu la plagi. Kila jioni nitaongeza.

Jumamosi, 20 Januari

Imeachia.

Nilishaifungua breki ya nyuma katikati ya wiki, kwa hiyo gurudumu linazunguka. Leo nimeingiza gia ya juu kabisa, nikalishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili na kulitikisa mbele, nyuma, mbele, nyuma, bila papara. Pengine nusu saa. Kisha nikasikia kitu kama ukucha unaokwaruza sufuria, gurudumu likasogea upana wa kidole. Dakika chache baadaye lilizunguka mzunguko mzima, na ile dizeli ikaruka kupitia tundu la plagi ikanilowesha shati.

Mchana nimetoa kichwa na silinda. Mahali pistoni ilipokuwa imesimama miaka yote hii pana mstari wa kutu kuzunguka silinda, na ukipitisha ukucha unaganda. Nimepeleka silinda kwa babu mmoja mwenye mashine ya kereza karibu na Msamvu, ambaye baba naye alikuwa akimpelekea kazi. Aliitazama silinda, akanitazama mimi, akauliza, "Hii si ya yule bwana shamba?" Nikamwambia ndiyo babu, mimi ni mwanawe. Akaipima bila kuongeza neno. Kiwango cha kiwandani cha silinda ya CG125 ni milimita 56.5. Hii, sehemu iliyolika zaidi, inasoma 56.68. Hapo ndipo oili ilipokuwa inapita. "Bado inakunywa," aliandika baba, na alikuwa na haki.

Jumamosi, 27 Januari

Leo nimeutafuta ule mlio. Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri, kwa sababu baba aliacha swali na sikutaka kuifunga injini bila kulijibu.

Pikipiki nyingi hubeba kemu, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu, juu kichwani, na kemu hiyo huzungushwa na cheni ndefu inayopanda kutoka kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. CG haiko hivyo. Kemu yake imekaa chini, upande wa kushoto, nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenki, na inazungushwa na gia moja kwa moja. Ina nundu moja tu. Nundu hiyo moja inasukuma mikono miwili midogo, na kila mkono unainua ufito wake, mmoja wa valvu ya kuingiza na mwingine wa valvu ya kutolea moshi. Mafundi huziita pushirodi. Hakuna cheni ya kemu ya kulegea, na kichwa unaweza kukitoa bila kugusa taimingi, yaani mpangilio wa wakati wa valvu.

Mpangilio huu haukuja kwa bahati. Kabla ya kuitengeneza CG, wahandisi wa Honda walizunguka kwenye nchi kama zetu, Thailand, Iran, Pakistan, wakaangalia watu wanavyoishi na pikipiki. Waliona zinabeba mizigo kupita kiasi, zinapita kwenye vumbi, na oili inabadilishwa kwa nadra. Wakarudi na injini ya pushirodi, na cheni ya gurudumu la nyuma iliyofungiwa ndani ya kava zima ili mchanga usiifikie. CG125 ilitoka mwaka 1976. Mwaka huo huo kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazil, kilianza kuitengeneza kule, na Pakistan wanaitengeneza hadi leo. Nimefungua kava la cheni ya baba: grisi imekauka kama nta, lakini cheni yenyewe bado ina uhai. Miaka yote ile ya Mgeta!

Nilikuwa sina pula, kifaa cha kuichomolea flaiwili. Kijana wa kijiweni akaniletea ya kwake, ikakaa sawasawa. Hapo akachuchumaa, akaangalia ndani na kusema, "Kaka, hii mbona ni injini yangu?"

Ana haki. Bodaboda nyingi za Kichina za CC 125 na 150 tunazopanda kila siku zimerithi mchoro wa CG. Boxer na TVS ni ukoo mwingine, kemu zao ziko kichwani na zinavutwa na cheni. Lakini zile za pushirodi, ukizifungua, unakuta nundu ile ile moja, gia zile zile mbili na alama zake za kulinganisha. Tumetandika mkeka, akaleta kemu ya zamani kutoka kwenye injini aliyowahi kuifungua, tukaiweka kando ya ile ya baba. Tukahesabu meno. Tukapima urefu wa nundu kwa venia, kile kipimo cha taya.

Na hapo jibu likajionyesha lenyewe. Nundu ya kemu ya baba, kwenye ncha yake, imechimbika vishimo vidogo vidogo kama uso ulioachwa na ndui. Mguu wa mkono mmoja, ule unaokanyaga nundu, umeliwa ukawa na bonde. Ukiushika na kuutingisha unasikia tik, tik. Kushoto, chini ya silinda. Si valvu.

Nimekaa na kile kipande mkononi muda mrefu. Mzee alikuwa anaendesha huku anasikiliza, akaondoa sababu moja baada ya nyingine kwa fila geji, vile vibamba vya kupimia mianya, akabakiwa na hii. Alichokosa ni pesa na wakati tu.

Jumamosi, 3 Februari

Siku mbaya. Stadi ya eksozi, bolti isiyo na kichwa inayoshika bomba la moshi, imekatikia ndani ya kichwa cha injini. Niliharakisha, sikuipasha moto kwanza. Kichwa ni aluminiamu, stadi ni chuma, na miaka kumi na minane ya kutu imeviunganisha.

Babu wa kereza amenionyesha njia: usiitoboe. Anaweka nati juu ya kile kisiki, anachomelea kati ya nati na kisiki, anasubiri ipoe kidogo, kisha anazungusha kwa spana taratibu. Joto la kuchomelea linalegeza kutu na nati inakuwa mkono wa kushikia. Ilitoka mara ya pili. Alinidai shilingi elfu tano.

Jumamosi, 17 Februari

Nimekwenda Dar, Kariakoo, kutafuta pistoni, ringi, kemu na mikono yake. Kwa kipimo cha babu, silinda inahitaji pistoni ya 0.50, yaani kubwa kuliko ya kawaida kwa nusu milimita.

Duka la kwanza muuzaji alinihakikishia ni oijino, boksi lina nembo na juu ya pistoni pamegongwa 0.50. Nikalipa. Nje, kwenye kivuli cha jengo, nikatoa venia mfukoni na kupima kiunoni mwa pistoni, karibu na ukingo wa chini, upande usio na pini, kwa kuwa ndipo inapopimwa. Milimita 56.4 na kitu. Hiyo ni pistoni ya kawaida iliyogongwa namba ya uongo. Nilirudi, nikaambiwa mali ikishatoka haipokelewi. Tukabishana mpaka wateja wakasimama kutusikiliza, na pesa yangu haikurudi.

Imeniuma, si kwa ajili ya shilingi elfu kumi na nane peke yake. Kuna kijana mahali anaitegemea bodaboda kwa chakula cha watoto, atakabidhi silinda na pistoni ile kwa fundi asiye na venia, na ndani ya mwezi injini itaanza kufuka moshi wa bluu. Kisha ataambiwa ameendesha vibaya.

Duka la pili nilipima kabla ya kutoa hela, juu ya kaunta, muuzaji akiniangalia. Hakuona vibaya, alinisaidia hata kuchagua. Pini ya milimita 15 ikaingia kwenye pistoni kwa kusukuma na kidole gumba, bila kucheza. Kemu na mikono yake nimechukua za kundi hilo la Kichina, baada ya kuzilinganisha na za zamani meno kwa meno.

Beba venia yako.

Jumamosi, 9 Machi

Silinda imerudi. Babu alikataa kuichonga mpaka nimpelekee pistoni yenyewe, si namba yake. Anasema silinda huchongwa kwa ajili ya pistoni fulani kama kanzu kwa mwili wa mtu. Ndani ameacha mistari laini inayokatana, ndiyo inayoshika oili wakati ringi mpya zinajifunza ukuta.

Valvu nimezisaga mwenyewe kwa fimbo yenye mpira na dawa ya kusagia, kuzungusha kama mtu anayewasha moto kwa kupekecha, mpaka kila moja ikaacha duara la kijivu lisilokatika. Kujaribu: weka plagi, pindua kichwa, mimina petroli kwenye uvungu wake, kiache usiku kucha. Asubuhi haikuwa imevuja hata tone kuelekea upande wa valvu.

Kufunga ilikuwa raha. Alama ya gia ya krenki ikatazamana na alama ya gia ya kemu, midomo ya ringi nikaitawanya isikae mstari mmoja, kila kitu kikapakwa oili safi. Nafasi ya valvu nimeiweka milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi. Namba hiyo sikuihitaji kwenye kitabu. Baba ameiandika kwenye jalada la ndani la daftari na kuizungushia duara mara mbili.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Tangu mwezi uliopita sijafanya la maana. Nilijaribu kupuliza rangi madigadi Jumamosi iliyopita, hewa ikiwa na unyevu, rangi ikapauka ukungu mweupe kabla haijakauka. Nimeipiga msasa yote. Nasubiri jua.

Jumamosi, 18 Mei

Jua limerudi, na madigadi na kava za pembeni zimetoka nyeusi vizuri: praima mara mbili, rangi mara tatu, kliaa mara mbili, katikati msasa wa maji namba 800.

Tangi ni habari nyingine. Ndani lilikuwa na kutu iliyomung'unyika kama unga wa matofali. Nimeziba tundu la koki, nikaweka vipande vya cheni kuukuu na lita nne za siki, nikalitikisa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kisha nimesuuza kwa maji ya magadi ili kuua ile asidi, maana ukiacha siki ndani kutu inarudi kwa kasi zaidi, nikalikausha juani na papo hapo nikazungusha petroli iliyochanganywa na oili kidogo. Cheni ilifungwa kwa waya mrefu unaotoka nje. Bila hivyo utakesha ukivua vipande kwenye tundu la mafuta.

Nje, sijaligusa. Mdogo wangu hakubaliani na mimi. Anasema madigadi mapya na tangi kuukuu ni kama suruali ya sikukuu na shati la shambani. Lakini pande mbili za tangi, pale magoti yanapobana, rangi nyekundu imelika mpaka chuma kinaonekana, na kulia imelika zaidi kuliko kushoto. Baba alikuwa na goti la kulia lililoumia zamani, hakuweza kulikunja sawasawa, na kwenye mteremko wa kutoka Mgeta alikuwa analikandamiza hapo. Nikipiga msasa pale nitakuwa nimelifuta goti lake. Nimepaka nta ya magari tu, mara mbili, ili chuma kisishike kutu tena. Mama alipita akaweka kiganja pale, akaendelea na safari yake ya jikoni. Mdogo wangu hajasema tena.

Kabureta: nimeichemsha kwenye maji yenye ndimu, nikasafisha jeti kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Usitumie sindano, inapanua tundu. Gasketi yake imepatikana hapa hapa Morogoro kwa shilingi elfu mbili.

Jumamosi, 8 Juni

Umeme. Hapa nilishauriwa na kila mtu, na ushauri ulikuwa mmoja: tupa pointi (ile swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche), tupa volti 6, weka CDI, kisanduku cha kielektroniki cha kazi hiyo hiyo, na koili za bodaboda, upate volti 12 na taa kali. Inawezekana, na kwa mtu anayeitegemea pikipiki kwa kazi ningemwambia afanye hivyo hivyo. Mimi nimebaki na pointi. Hii ilikuwa inawaka kwa pointi kwenye baridi ya Mgeta alfajiri, na pointi unaweza kuitengeneza kando ya barabara kwa bisibisi na kipande cha karatasi.

Unaiona kupitia dirisha la flaiwili. Vichwa vyake vilikuwa vimeota utando mweusi na kimoja kina kichuguu. Nimevisawazisha kwa tupa ndogo, nikapitisha karatasi safi katikati mpaka ikatoka nyeupe. Mwanya, vikiwa wazi kabisa, nimeweka milimita 0.35. Kisha taimingi ya cheche: nimeunganisha taa ndogo na betri kwenye waya wa pointi, nikazungusha flaiwili polepole kwa mkono, na taa inatakiwa ibadilike pale pale alama ya F inapokutana na alama ya kwenye injini. Ilichelewa. Nikasogeza kibao cha pointi upana wa unywele, nikafunga, nikapima tena. Mara ya nne ilikaa.

Cheche ilikuwa ya njano na dhaifu, na pointi zenyewe zilikuwa zinatoa vimulimuli. Hiyo ni kondensa, kikopo kinachozuia pointi zisiruke cheche. Nimebadilisha, cheche ikawa ya bluu na inalia ta, ta, ta kwenye plagi.

Betri ya volti 6 ya pikipiki imekuwa adimu, lakini zile betri ndogo zilizofungwa za taa za dharura ni volti 6 pia. Nimenunua ya Ah 4, nikaifungia kwa sponji ndani ya kikasha cha zamani. Honi imelia. Mbwa wa jirani amebweka, na mama ametoka nje kwa haraka akidhani mgeni amekuja.

Jumamosi, 22 Juni

Oili mpya, lita moja kasoro kidogo. Kabla ya kuweka plagi nimepiga kiki mara nyingi, kava la juu likiwa wazi, mpaka nikaona oili inafika kwenye mikono ya valvu. Kuwasha injini mpya iliyo kavu ni kuiua siku ya kwanza. Kisha nimefunga kava, plagi, koki ya mafuta, choki.

Kiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tano ikakohoa. Nikarudisha choki nusu, nikapiga ya sita, ikawaka.

Moshi mwingi mwanzoni, ile oili niliyopaka wakati wa kufunga, ukaisha ndani ya dakika mbili. Baada ya hapo sauti ikatulia. Sijui niieleze vipi kwa mtu asiyeijua. CG haina kelele ya cheni ya kemu, ina mdundo wa chini, mkavu, wenye nafasi katikati. Nilikuwa nausikia nikiwa darasa la pili, tukiwa tumelala, ukipanda kilima cha nyumba za watumishi, na mama anainuka kuwasha jiko kabla haujafika. Leo mama alikuwa anachambua mchele barazani. Ungo ulisimama mapajani, mikono imetulia juu ya mchele.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Nimeinamisha sikio kushoto, chini ya silinda. Nimeweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, kama babu wa kereza alivyonifundisha. Ni gia tu inayovuma. Kule kugonga hakupo.

Inavuja kidogo kwenye gasketi ya kitako cha silinda. Nitakaza ikipoa, na isipokubali nitaifungua tena.

Jumamosi, 6 Julai

Gasketi nimeibadilisha, imekauka. Wiki mbili hizi nimekuwa naizungusha taratibu: nusu ya resi, hakuna kupakia mtu, hakuna mlima mrefu, kila baada ya nusu saa inapumzika. Oili ya kwanza nimeimwaga baada ya safari chache tu, ikiwa na unga wa chuma unaometameta, kama ilivyo kwa ringi zinazojifunza. Ile chujio ya kuzunguka iliyo mwisho wa krenki nimeifungua na kuifuta pia. Wengi hawaijui kwamba ipo, na uchafu wote unakaa humo.

Leo asubuhi nimekwenda hadi Mzumbe, mpaka pale barabara ya Mgeta inapoachana na lami na kuanza kutazama mlima. Nimesimama hapo, sikupanda. Injini bado changa, na mlima ule hautaki haraka. Wauza karoti wawili walikuja kuiangalia, mmoja mzee wa makamo. Aliuliza nimeitoa wapi. Nilipomtajia kazi ya baba na mahali alipofanyia, aliivua kofia, akaniambia kitalu chake cha kwanza cha kabichi kilipimwa na mtu aliyekuja na pikipiki nyekundu, na kwamba watoto walikuwa wanaijua kwa mlio kabla haijatokea kwenye kona.

Nimerudi, nimeipaki chini ya mwembe, nimeifuta vumbi. Kisha nimefungua daftari, nikaacha kurasa zangu zote ndefu, nikarudi kwenye ukurasa wa baba. Chini ya mstari wake wa mwisho palikuwa na nafasi ya kutosha.

61,712. Oili mpya. Kemu mpya, mlio kushoto umekwisha. Breki ya mbele inalia, kufungua Jumamosi.